Benchi la Nyuma ya Nguzo

Ulikuwepo. Usijifanye hukuwepo. Ulikaa safu ya tatu na viatu vyako vya Jumapili, na walipolibeba lile benchi kutoka mbele kulipeleka nyuma ya nguzo, ukainama kutafuta kitu kwenye mkoba. Miwani, ati. Miwani ilikuwa usoni!

Basi sikia ilivyokuwa, maana ulikuwa hutazami.

Benchi lilikuwa la viziwi. Aliyelipiga randa ni Seremala, kiziwi tangu utotoni, na kila Jumapili alikaa ukingoni mwake pamoja na wenzake, macho kwa dada yake. Dada mtu ni msusi. Jumamosi kutwa alisuka vichwa vya watu hadi vidole vikawaka moto, na Jumapili vidole hivyohivyo, bado vinanukia mafuta ya nywele, viliitoa ibada nzima hewani: nyimbo, masomo, mahubiri, hata kikohozi cha Mchungaji. Hakuwa na cheo. Hakuvaa joho. Ukimshukuru, alicheka: "Mimi bomba tu. Maji si yangu." Lakini ungeutazama uso wake Neno lilipopita viganjani, ungedhani ni bibi harusi.

Kisha kamati ikanunua kamera.

"Dada Msusi," alisema Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mnene mwenye sauti ya asali, "wanaotutazama kwenye simu wanalalamika. Mchungaji anahubiri, huku mikono yako inapitapita kama mtu anayefukuza nzi. Picha inaharibika."

"Nzi, mzee?"

"Ni mfano tu, mama. Kule nyuma ya nguzo mtapata nafasi yenu. Mtapata utulivu."

"Viziwi wanataka utulivu gani zaidi, mzee wangu?"

Watu walicheka. Benchi likahamishwa vilevile.

Msusi alikasirika, kisha akaenda nyuma ya nguzo akainua mikono, kwa sababu huduma haikuwa mali ya Mwenyekiti. Kilichomchoma ni mdogo wake, Seremala. Kule nyuma nguzo ilimeza madhabahu yote. Msusi aliyesimama aliweza kuchungulia pembeni. Waliokaa waliona mikono yake na chokaa, basi. Na Jumapili moja asubuhi, wakifunga mlango wa nyumbani, Seremala alimwambia kwa mikono:

"Leo ndiyo mwisho. Nimechoka kuabudu nguzo."

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Kitambi ameshinda."

Kitambi ndilo jina la Mwenyekiti katika lugha yao: kiganja kinachora tumbo hewani. Siku nyingine Msusi angecheka. Asubuhi hiyo aliwaza wawili wao wakiwa wadogo, wamepiga magoti kando ya kitanda kimoja, wakibuni alama ya Mungu kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Huyu akitoka kanisani leo, hatarudi. Anamjua. Mbao ikishakatwa, Seremala haiungi.

Mvua ilikuja katikati ya mahubiri. Haikuanza na manyunyu. Ilishuka kama lori la kokoto linalomwagwa juu ya mabati. Umeme ukakatika. Kamera ikafumba jicho. Vipaza sauti vikafa, na Mchungaji akabaki anafungua mdomo na kuufunga. Akaona heri amalize, akainua mikono kuanzisha Sala ya Bwana. Aibu ikaanzia hapo. Safu za mbele walikuwa wameshafika kwenye mkate, za kati bado wanalitukuza jina, kwaya ikamaliza yake ikaketi. Hakuna aliyemsikia mwenzake. Kanisa zima kiziwi.

Isipokuwa nyuma ya nguzo. Msusi alichungulia, akaiona mikono ya Mchungaji, akaanza, na benchi zima likaenda naye, neno kwa neno, pamoja.

Wa kwanza kugeuka alikuwa Bibi wa Maua, yule anayepamba madhabahu, ambaye kwa miaka alificha kwamba masikio yake yamechoka. Akawaona. Akainua mikono yake iliyojaa mishipa, akaiga. Akamfinya jirani. Kichwa kikageuza kichwa, hadi Mchungaji akawa anatazama visogo vya waumini wote.

Naye akashuka, joho linaburura, akaja mpaka kwenye nguzo na kuwapungia: njooni mbele.

Macho yote yalikuwa kwa Msusi. Na alitamani! Alitamani apite katikati ya kanisa kichwa juu, apite karibu kabisa na Mwenyekiti. Kisha akamgusa mdogo wake begani.

"Nenda wewe."

"Mimi? Mimi ni seremala tu."

"Na Yeye alikuwa nani?"

Seremala akamkodolea macho. Kisha akaushika upande mmoja wa benchi, wenzake wakashika mwingine, wakalibeba kupitia katikati ya kanisa na kulitua lilipokuwa. Akapanda juu yake. Msusi akaketi sakafuni, miguuni pa benchi, akainua mikono kama muumini yeyote. Leo bomba ni mwingine, na yeye anakunywa.

Wakaanza upya. Safu kwa safu, mikono minene, mikono ya watoto, mikono yenye pete. Wakafika kwenye kusamehewa. Kwa lugha hiyo, "utusamehe" ni kiganja kinachopangusa kiganja, polepole. Mwenyekiti alipangusa kwa pupa, mkono ukateleza hadi tumboni, na hivyo akawa amemwambia Mwenyezi Mungu, mbele ya kanisa zima: nimeshiba, ondoa sahani.

Viziwi wakaangua kicheko. Seremala akashuka. Akaushika ule mkono mnene, akaupitisha juu ya mwenzake, taratibu. Tena. Safari hii Mwenyekiti akafanya peke yake, na macho yake hayakuwa juu mbinguni. Yalikuwa kwa Seremala.

Amina ikaja, na viziwi hupiga makofi kwa kupepea mikono hewani. Kanisa zima likapepea, na mvua juu ya bati ikaongeza kelele iliyokuwa inakosekana. Msusi alilia, akacheka, akaliacha kamasi lishuke.

Mwenyekiti akamwinamia, akapiga ukelele sikioni mwake: "Mwambie benchi linabaki hapa!"

"Mwambie mwenyewe, mzee."

Mzee akaonyesha benchi, akaikanyaga sakafu kwa nguvu: hapa. Seremala akajibu kwa mikono.

"Anasemaje?"

"Anasema Jumapili ijayo atakuja. Na atakubadilishia jina."

"Kwani jina langu lilikuwa lipi?"

"Mvua hii, mzee! Sikusikii kabisa!"

Nawe siku hiyo ulipepea mikono, nilikuona, ukajifuta machozi, ukaenda nyumbani umeridhika. Sasa geuka utazame mlangoni. Yule wa kiti cha magurudumu bado anasalia nje, kwa sababu ya ngazi zenu. Acha kutafuta miwani. Weka mkoba chini, inuka, ukashike upande mmoja wa kile kiti. Usisubiri kamati. Usisubiri wimbo uishe. Inuka!