Mwanasesere wa Ijumaa Kuu

Udongo ulikuwa unatoka kirahisi mno, na Melchora hakuupenda hata kidogo. Kaburi lililokaa miaka mia saba bila kuguswa hukataa mwiko wa kuchimbia. Udongo wa hili ulijaa mkononi kama unga. Jana Daktari Ximena, mwanaakiolojia aliyewaajiri wachimbaji, alimwuliza kama limewahi kufunguliwa. Akajibu kwa uso mkavu, "Halijaguswa, Daktari," huku akijua fika anadanganya. Katika bonde zima la Chancay, hapa Peru, hakuna mikono iliyoaminiwa kama yake, basi Daktari akaandika hivyo hivyo na kupeleka ripoti Lima.

"Dada, leo mbona unapangusa kama unaogesha kichanga?" Eleuterio, mchimbaji mwenzake, alimtania kutoka kwenye chekeche. "Fanya haraka, wenzako tuna njaa."

"Njaa yako ilianza lini kuisha? Chekecha."

Melchora alicheka kidogo. Akahamisha goti, akalirudisha palepale. Furushi likaanza kuonekana: mtoto aliyeviringishwa vitambaa na pamba, ameketishwa kuelekea bahari. Ubavuni pake kidole cha Melchora kikagusa mguu mdogo wa plastiki, rangi ya waridi.

Akaufunika kwa kiganja. Daktari alikuwa amewapa mgongo, anahangaika na kamera. Mfuko wa aproni ulikuwa wazi. Angeutia mle mara moja tu, na angebaki na kazi pekee aliyowahi kuipenda.

"Daktari," akaita. "Njoo uone. Huyu mwanasesere ni wangu."

Daktari Ximena akachuchumaa ukingoni. "Wako kivipi?"

"Nilikuwa na miaka saba. Ijumaa Kuu, si unajua watu wetu wanavyotoka siku hiyo kuwachimba wa kale, kutafuta mali waliyozikwa nayo. Tundu lilikuwa dogo, baba akanishusha kwa kamba. Nikachukua mwanasesere wa mtoto huyu. Kisha nikamwonea huruma, nikamwachia wangu. Mara walinzi wakaja, baba akanivuta, tukafukia tukakimbia."

"Na jana ukanitazama machoni ukaniambia halijaguswa."

"Ndiyo."

Eleuterio aliacha kuchekecha. Daktari alivua kofia, akaivaa tena. Hasira ilimjaa usoni.

"Kesho usije."

"Sawa." Melchora hakuinuka. Machozi yalikuwa yanamlenga. "Lakini leo niache nimtoe mimi mtoto huyu. Nilishamkimbia mara moja."

Daktari akamshushia brashi laini.