Mwenye Bunduki Ananyonya

1.

TANGAZO. Wananchi wote wenye silaha zisizo na kibali, yakiwemo magobore ya kurithi, mnatakiwa kuzisalimisha ofisi ya kijiji kabla ya Ijumaa jioni. Atakayesalimisha kwa hiari hatashtakiwa. Atakayekutwa nayo baada ya hapo

(Pikipiki ya mtangazaji ikatelemka bondeni, maneno yakazama nayo.)

2.

Yaliyozama Somoe aliyajua.

Kifungo.

Alisimama mlangoni, mwana mgongoni, akainua macho darini, juu ya meko, ambako gobore la marehemu baba mkwe lililala kwenye moshi lisije likashika kutu. Kisha akamtazama mumewe.

Chande akatazama kuku.

3.

Wewe usiyetoka kwetu, sogea nikwambie. Mtoto akipewa jina la babu, amepewa na vya babu: jembe, kigoda, hata ugomvi na majirani. Marehemu aliitwa Likwata. Mtoto ni Likwata. Chande mwenyewe humwita "baba", na akimwogesha humwomba radhi.

Kwa hiyo gobore si la Chande. Ni la huyu mwenye meno mawili.

Ila polisi wakija, watakayemfunga pingu ni Chande.

4.

Wifi Asumini, binti mkubwa wa marehemu, aliingia bila hodi.

"Wifi, ulikuja kuolewa au kutugawia mali?"

"Kuolewa, wifi. Na niliyeolewa naye sitaki kumpelekea uji gerezani."

"Gobore lina mwenyewe."

"Mwenyewe anajikojolea."

"Hata baba alijikojolea siku za mwisho. Mbona hatukumnyang'anya?"

 Somoe ndiye aliyekuwa akifua yale mashuka.

"Likitolewa bila kauli yake, jina litamgeukia mtoto, augue," wifi akasema, na safari hii sauti ilitetemeka. "Tusubiri aseme."

"Dada," Chande akaanza, "mimi naona..."

5.

Kazi za gobore tangu marehemu aondoke:

kutishia panya

kuning'inizia vitunguu

kutishia Chande

Baruti hakuna. Zamani ilikuja imefichwa ndani ya magunia ya ufuta. Siku hizi duka liko mjini, na mwenye duka hata salamu haitikii kabla hujaonyesha kibali. Kibali nacho kinataka umri, mafunzo, na kabati la chuma lenye kufuli. Nyumba ya Chande kufuli la mlango wake ni kamba.

6.

(Nguruwe pori, kwa makadirio yetu:)

Yule mzee wa mshindo hayupo. Kuleni taratibu, wanangu. Mahindi haya hayana mwenyewe.

7.

Ijumaa. Chande alibeba gobore ndani ya mkeka. Somoe alibeba mtoto. Wifi alibeba maneno, akayatua njia nzima.

8.

Ofisini alikuwapo koplo wa kike, kalamu sikioni.

"Mmiliki?"

Wote watatu wakanyoosha kidole kwa mtoto.

"Umri?"

"Anaota meno, afande."

"Sheria haimtambui huyu."

"Sisi tunamtambua!" wifi akapaza. "Asiposema yeye, halitoki!"

Koplo akamtazama Chande. Chande akatafuta kuku. Hawakuwapo.

Ndipo Somoe akaukunjua mkeka sakafuni, akalilaza gobore upande mmoja, mwanawe upande wa pili.  Akilikumbatia je?

"Mzee wangu Likwata," akasema kwa upole, kama alivyokuwa akimsemesha yule wa kwanza wakati wa kumlisha. "Unalitoa, au unalishika?"

Mtoto akatambaa. Akalishika.

"Kashika!" Wifi akapiga kigelegele.

Mtoto akapeleka mdomo kwenye mtutu, akauma.

Masizi.

Uso ukakunjamana. Akatema. Akatema tena, akalisukuma kwa viganja viwili, akalipa kisogo, akatambaa hadi miguuni kwa shangazi yake. Akamwinulia mikono.

Asumini alibaki amesimama, kigelegele kimemkauka.

"Baba?" akaita.

"Ba," mtoto akajibu.

Wifi akamnyanyua, akamfuta masizi kwa pindo la kanga, akalia machozi ambayo hakuyalia matangani.

"Andika, afande. Mwenyewe amelitema."

9.

IMEPOKELEWA: gobore moja. Limesalimishwa kwa hiari.

10.

"Na nguruwe?" Chande aliuliza wakirudi. Mikono yake ilikuwa mitupu, haijui ikae wapi.

"Askari wanyamapori wameahidi kupita," Somoe alisema.

"Watapita lini?"

"Kabla hawajapita, tupo. Wenye mashamba ya jirani wamekubali zamu, tukeshe pamoja."

"Hata mzee Mapunda? Si baba alimnunia mpaka anakufa?"

"Likwata wa sasa alimchekea jana," wifi akasema. "Ugomvi huo naye kautema."

11.

Jua linazama. Kwenye dungu, juu ya mahindi: Somoe na debe, Asumini na mchi, mwenye jina katikati, anapiga makofi kabla ya ngoma.

Chini, majani yanatikisika.

"Tayari, wifi?"

"Piga, mama Likwata."

Mshindo. Kutoka shamba la Mapunda, mshindo mwingine. Na mwingine ng'ambo ya kijito.

Nguruwe wa kwanza anasimama. Anasimamisha masikio. Anageuka kuelekea msituni.