Samaki wa Kupimia Joto

Isidore Beardy, anayewaongoza wageni wa kambi ya wavuvi, alikuwa akimchomoa ndoano paiki wa mgeni wake, samaki mrefu mwenye mdomo wa bata na meno ya mbwa, alipoona mstari wa rangi ya fedha ukipanda ubavuni kutoka mkiani. Ulipanda taratibu kwa joto la kiganja chake, kisha ukatulia. Mgeni, daktari wa meno aliyekuja kuvua kwa starehe, akauliza samaki ana uzito gani.

"Uzito sijui," Isidore alisema. "Ila ana nyuzijoto ishirini na mbili."

Wakampiga picha, wakamrudisha ziwani. Wakubwa hurudishwa, wadogo ndio wa kula.

Kabla kiangazi hakijaisha, paiki wote wa ziwa lile walikuwa hivyo. Shemeji yake Delima, dada wa marehemu mkewe, alimkausha mmoja akampigilia msumari mlangoni pa duka, na marubani wa ndege ndogo wakawa wanamsoma kabla ya kuruka. Zamani walikuwa wakimuuliza Isidore, naye hulamba kidole, akakiinua juu, akakunja uso kama askofu.

"Samaki hakosei," Delima alimwambia. "Tena hanuki kama wewe."

"Ananuka kunishinda."

"Subiri ukaukie ukutani, shemeji, ndipo tuwapime."

Ile fedha ni nini, hakuna aliyeuliza. Ilikuwa zebaki. Kiwanda cha karatasi kule juu ya mto uingiao ziwani kiliitapika majini tangu Isidore hajaota ndevu, na wakubwa wa serikali wakasema mto utajisafisha wenyewe, kama paka. Mkewe Philomene alianza kwa kudondosha vikombe. Baadaye akawa anatembea sakafuni kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi. Daktari wa serikali alimtazama mara moja, akasema ni pombe. Philomene, ambaye hata harufu ya bia ilimtoa nje! Akazikwa na jina la mlevi. Isidore hakutaka fidia wala sanamu. Alitaka mkubwa mmoja tu afungue kinywa aseme mke wake hakuwa mlevi.

Alituma ujumbe mara nyingi. Mkubwa alikuja aliposikia habari za samaki.

Aliitwa Bwana Haldane, wa wizarani, na buti zake zilikuwa bado zinang'aa. Isidore alikuwa na mpango. Angempeleka ufukweni kwa chakula cha mchana, kama wageni wote, amkaange paiki mdogo mbele yake, na zebaki yenyewe itoe ushahidi. Kwa mtu aliyeishia darasa la tatu, aliuona ni mpango wa kiwakili.

Paiki alipoingia kikaangoni, mstari ulipanda, ukapita macho, zebaki ikamtoka mdomoni ikawa shanga, zikakimbizana katikati ya viazi na vitunguu. Bwana Haldane akasogeza buti yake.

"Hiyo ndiyo iliyomuua mke wangu," Isidore alisema. "Hakuwa mlevi. Nataka useme hivyo tu, mzee."

Bwana Haldane akatazama kikaango. Samaki alikuwa ameiva. Sasa, huko kwao anayewaongoza wageni ndiye anayeonja kwanza, ili mgeni aone chakula ni salama, na Isidore alikuwa ameonja hivyo tangu ujana. Mkono ukaenda wenyewe. Akamega kipande, akakipuliza, akala.

Delima, aliyekuwa akichemsha chai, akaweka birika chini. "Shemeji," alisema polepole, "punda ana afadhali. Yeye hutwikwa na mwingine."

"Kama ni sumu," Bwana Haldane aliuliza kwa upole, "mbona wewe unakula?"

Isidore alikuwa na jibu zuri. Lakini kinywa kilijaa, na kulikuwa na mwiba. Akatafuna. Kibaya zaidi, chumvi ilikuwa imekolea sawasawa.

Bwana Haldane mwenyewe hakula, alisema amekatazwa mafuta. Aliwasifu samaki, akasema watavuta watalii. Alipokuwa akipanda ndege alimshika Isidore bega, akampa pole ya mke. "Pombe imewamaliza wengi huku," alisema.

Msimu uliofuata kiwanda kiliongeza zamu ya usiku, na mstari wa fedha ukatokea mkononi mwa Isidore, kuanzia kifundo hadi kiwiko. Ulikuwa wazi kuliko wa samaki. Meneja wa kambi ya wavuvi akawa anamsimamisha gatini kila asubuhi mbele ya wageni, shati limekunjwa, wajue wavae nini. Mkono ulitetemeka, ikabidi wageni wainamishe vichwa huku na huku ili wausome.

"Mvumilieni," meneja aliwaambia. "Mzee anapenda chupa. Ila kwa joto hana mpinzani."

"Sinywi," Isidore alisema.

"Kumi na tatu," mgeni mmoja akasoma.

Wakavaa makoti. Isidore akashusha mkono wa shati, akaenda kuwasha injini ya boti.