Mwizi Aliyepiga Pasi

"Ukipiga chafya, nakurudisha kwenu," mama mkwe alininong'oneza. Tulikuwa tumechutama nyuma ya pipa la maji, magoti yamegusana, tukichungulia shuka lake la harusi likipepea kambani. Saa nne asubuhi, jua limewaka, na mwizi wetu hajafika.

Hayo ni ya miaka ishirini na ushei iliyopita. Nilikuwa na miezi minne tangu niolewe, na maneno yetu sisi wawili, mimi na mama mkwe, yalikuwa ya chumvi na funguo tu. Kisha shati la buluu la mume wangu likapotea kambani.

"Zamani vitu havikuwa vikipotea humu," mama mkwe alisema, akiitazama sufuria, si mimi.

Siku ya pili shati likarudi palepale. Limepigwa pasi, mikunjo ya mikono imenyooka kama rula, na kifungo kilichokuwa kikining'inia kimekazwa. Wiki hiyohiyo zikapotea na kurudi suruali ya jirani wa kulia na sare ya muuguzi wa mtaa wa nyuma. Kinyozi, ambaye mkasi wake haukuwahi kuushinda ulimi wake, akatangaza kwamba yule bi harusi mpya ana mpenzi wa siri.

Nilijifungia chumbani nikalia. Mama mkwe akabisha hodi, akaingia na shati mkononi.

"Mpenzi gani atampigia pasi mume wa mtu?" akasema. "Yule kinyozi amezinyoa hata akili zake. Hebu nusa."

Nikanusa. Wanga, na moshi kwa mbali.

"Pasi ya mkaa," nikasema. "Nani bado anayo?"

"Hapo ndipo penyewe." Macho yalimng'aa kama ya msichana. "Kesho tunatega."

Ndivyo tulivyofika nyuma ya pipa. Ua wa miti ukatikisika, akapenya mzee mwenye kapu: dobi mstaafu, baba wa mwalimu aliyekuwa jirani yetu. Alipoanguka mwaka uliotangulia, bintiye huyo mwalimu alimfungia duka ili apumzike. Mzee alilipapasa shuka kwa vidole viwili, akaguna kwa kuridhika, akalikunja, akaondoka taratibu. Tukamnyatia hadi stoo ya nyuma ya nyumba yao. Mlango ulipolia hakushtuka. Alikuwa akipuliza makaa.

"Lile shati la buluu kola yake imechoka," alisema. "Mkilianika tena nitaigeuza, upande mzima uje juu."

"Baba, si ungeomba tu?" nikauliza.

"Ningeomba, mngeniambia nipumzike. Nimepumzika mwaka mzima. Nimechoka."

Mama mkwe alifungua kinywa, nikajiandaa kwa radi. Badala yake alishika ncha mbili za shuka, akanikonyeza nishike zile nyingine, tukalinyoosha mbele yake.

Mama mkwe aliwanong'oneza wanawake wachache, na mtaa mzima ukaingiwa na usahaulifu. Nguo zikawa zinasahaulika kambani hadi alasiri. Mwalimu aligundua mwezi uliofuata. Alikuja amefura, akasimama mlangoni.

"Nani anampa baba yangu kazi?"

Nilikuwa jikoni, nikatamani kubaki hukohuko. Nikamsikia mama mkwe akivuta kiti.

"Kaa, mwanangu, unywe chai. Sisi wawili tutakueleza."

Nikajifuta mikono, nikaenda kukaa kando ya mama mkwe.