Kadi ya Mazingiwa

Mwalimu Msellem wa Barani alikuwa na bati la biskuti lililojaa maneno. Usicheke. Tangu astaafu alikuwa akitunga kamusi, kila neno na kadi yake: maana juu, visawe chini, na mfano mmoja wa sentensi. Mwandiko haukuwa wake, kwa kuwa mikono ilishaanza kumtetemeka. Ulikuwa wa bintiye Tumu, mzuri wa kuutazama, ingawa binti mwenyewe alitolewa shule darasa la nne. Nani aliyemtoa? Huyo huyo mwalimu! Watoto wa watu aliwasomesha miaka thelathini, wake akamweka ndani.

Barua ilifika mwezi wa tatu, mwaka wa themanini na sita, katika sanduku la posta la Mwalimu. Ilikuwa ya Kizungu, na muhuri wa jeshi juu yake. Athman, mumewe Tumu, alikuwa askari huko kaskazini, na Tumu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu presha ilimpanda hata miguu ikavimba. Juzi yake tu Idah, muuguzi mtu wa bara, alimvuta Mwalimu kando kliniki.

"Mzee, huyu asishtuliwe. Akipata habari mbaya sasa, tutawapoteza wote wawili."

Barua yenyewe mistari miwili. Wa kwanza ulisema kikosi cha Athman kilizingirwa na majambazi wenye bunduki. Wa pili ulisema Athman alikufa katika mapigano hayo na amezikwa huko huko. Mwalimu aliisoma amesimama, akairudia, akakaa chini pale pale mlangoni mwa posta. Alimpenda sana Athman. Kijana hakuwa na wazazi, na alipomwita baba alimaanisha.

Alipofika nyumbani, Tumu aliiona bahasha kabla ya salamu.

"Yatoka jeshini? Nisomee, baba."

Akasoma mstari wa kwanza. Wa pili akaumeza.

"Wamezingirwa, mwanangu."

"Kuzingirwa ndiyo vipi hasa?"

Masikini, mtu wa maneno akapata pa kujificha! "Ni kuzungukwa na adui pande zote," akasema. "Wengine husema kuhusuriwa. Wazee wetu wakisema kuzingiwa, na hali yenyewe wakiiita mazingiwa. Adui hukaa nje akafunga njia, chakula hakiingii, barua haitoki."

"Lakini hawajafa?"

"Aliyezingiwa si maiti, Tumu. Mji huweza kuzingiwa mwaka mzima, kisha adui akachoka akenda zake."

Hakusema neno hata moja la uongo. Ndiyo yaliyomkera usiku na mchana: kwamba alimdanganya mwanawe kwa maneno ya kweli tupu. Tumu alivuta bati, akachagua kadi safi, akaandika kwa utulivu. *Mazingiwa: hali ya jeshi au mji kuzungukwa na adui pande zote. Kisawe: mzingiro. Tazama pia: zingira, husuru. Mfano: Mume wangu yumo katika mazingiwa, na atatoka.*

Mwalimu alikwisha sahihisha kadi elfu mbili. Ile hakuigusa.

Mtoto wa kike alizaliwa salama wiki nne baadaye. Hapo sababu ya Idah ilikwisha, nawe ungedhani babu atasema. Hakusema. Alijiambia binti apate nguvu kwanza, maziwa yasije yakakauka, atoke arubaini. Uwoga mtupu! Na kila alfajiri Tumu aliuliza kama njia imefunguliwa, na kila alfajiri Mwalimu alijibu, "Bado, mama."

Siku ya arubaini nyumba ilijaa wanawake. Bi Nana, jirani yao, alimpaka Tumu hina mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, ikakolea ikawa nyeusi. Alifukizwa udi, akatiwa wanja, asumini kichwani. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Alasiri wageni walipopungua, akamwendea baba yake na kalamu na karatasi.

"Mwandikie mkubwa wao, baba. Barua ikipenya, Athman aambiwe ana binti, na mimi nimejipaka hina anayoipenda."

Mwalimu aliitazama ile mikono, akashindwa kuvumilia zaidi. Akasema yote, mpaka mstari wa pili.

Tumu hakulia. "Barua hiyo ilikuja lini?"

"Ni ile ile."

"Ile ya kuzingirwa?"

"Ile ile, mwanangu."

Kisha akaanza kuchomoa asumini kichwani, moja moja. "Nitafutie nguo nyeupe. Naingia eda."

Na msomi ndiye aliyelazimika kumjibu, maana sheria aliijua. "Eda ya mwenye mimba huisha akijifungua. Yako ilikwisha siku aliyozaliwa mtoto."

"Nikiwa edani nilitia manukato, baba. Nilikuwa naimba!"

"Hukujua. Huna dhambi."

"Mimi nataja dhambi? Mimi nataja mume wangu!"

Akatoka ukumbini, akenda uani, akachukua ndimu na mchanga akajisugua mikono. Hina haikutoka. Akachukua jiwe la kusugulia nyayo, akasugua mpaka ngozi ikachubuka na damu ikatoka, na Bi Nana akamnyang'anya jiwe huku akilia.

"Itatoka lini?" Tumu akamuuliza.

"Imekolea, mama. Labda mwezi."

"Basi sitoki ndani mpaka itoke."

Akamchukua mtoto, akafunga mlango. Eda ya hina haimo katika kitabu chochote, na Mwalimu alilijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani. Safari hii alifunga mdomo wake. Kila asubuhi alipeleka chai mlangoni na kubisha hodi, mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka kupokea kikombe. Siku za mwanzo ulikuwa mweusi, kisha ukawa mwekundu, kisha manjano. Wiki ya tano hina ikabaki kwenye kucha tu.

Asubuhi moja Tumu alitoka mwenyewe, amezikata kucha zote, amevaa nyeupe. Alifungua bati la biskuti, akatoa kadi ya mazingiwa, akaufuta mfano wake kwa mistari miwili. Akaiweka mapajani mwa baba yake na kumpa kalamu.

"Andika mfano wa kweli," akamwambia. "Kwa mkono wako."

Mwalimu akaandika jina la Athman. Mkono ulitetemeka hata jina lenyewe halikusomeka, na Tumu akakaa kando yake akingoja amalize.