Mshumaa wa Upande wa Delfin

Mshumaa wangu wa kwanza ulijizima wenyewe mezani tukiwa tunakunywa kahawa, na mama akaweka kikombe chini.

"Huo ni wa nani?" akauliza.

"Wa nani vipi, Mama? Ni wa majaribio."

"Amparo, nakuuliza. Ni wa Ning au ni wa Delfin?"

Nikamwambia hauna mwenyewe, ni nta na utambi ndani ya glasi iliyokuwa na jamu. Hakunisikiliza. Alifanya ishara ya msalaba, akainuka, akaenda kumwaga kahawa ambayo hata hajaionja.

Hapa mjini kwetu Lipa hata mtoto anajua habari ya mishumaa ya harusi. Inakuwa miwili mbele ya maharusi, mmoja upande wa bwana, mmoja upande wa bibi. Ukizimika mmoja kabla misa haijaisha, mwenye upande huo ndiye atakayetangulia kufa. Mimi siamini mambo hayo. Mchana siamini kabisa.

Lakini mama anayo sababu. Siku aliyoolewa yeye, mshumaa wa baba ulizimika padri akiwa katikati ya mahubiri. Wasimamizi waliuwasha haraka, ila kanisa zima lilikuwa limeshaona. Baba alikuwa dereva wa jipu la abiria. Breki zilimkatalia kwenye mteremko mdogo wangu Ning akiwa bado ananyonya, na msibani wanawake walikuwa wakinong'onezana habari ya mshumaa badala ya breki. Nilikuwa mdogo, lakini niliwasikia, na mpaka leo baadhi yao nikiwasuka nywele huwa nawavuta kidogo zaidi ya inavyotakiwa.

Sasa Ning alikuwa anaolewa na Delfin, fundi wa friji, kijana mpole mwenye masikio makubwa. Na Ning ana pumu. Kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yetu, moshi wa mishumaa ya dukani ulimtoa kanisani anahema, ana dawa yake ya kuvuta mdomoni. Nikajitia kimbelembele mbele ya ukoo mzima: nitatengeneza mishumaa ya harusi mwenyewe, kwa nta ya soya, haina masizi, haimkabi mtu. Nilikuwa nimetazama video saluni kwangu, katikati ya kichwa kimoja na kingine, nikajiona fundi.

Nta haikujua kama mimi ni fundi. Mshumaa wa kwanza ulichimba shimo katikati kama kisima, kuta za nta zikabaki zimesimama pembeni, moto ukazama ndani ya mafuta yake wenyewe. Nikaambiwa na video kwamba utambi ni mwembamba. Nikaweka mnene. Moto ukaruka juu, ukapiga glasi weusi hadi mdomoni, na masizi ndiyo hasa tuliyokuwa tunayakimbia. Nikapata utambi wa katikati, nikaukata uwe mfupi, na hapo nta ikaanza visa vyake: ikabanduka kwenye kioo vipande vipande, ikaota ukungu mweupe, ikapasuka juu na kuacha matundu. Nikajifunza kupasha glasi moto kwa mashine ya kukaushia nywele. Nikajifunza kutomimina nta ikiwa bado ya moto sana, nisubiri mpaka ianze kufifia rangi. Nikaacha kuipoza mbele ya feni, maana kumbe haraka yangu ndiyo iliyokuwa inaipasua.

Na kila mmoja ulipozimika, mama alikuwa mlangoni mwa saluni.

"Huo ni wa nani?"

"Mama, nina kichwa cha mteja mkononi."

"Jibu kwanza."

"Wa Aling Puring hapa," nikasema siku moja, nikimwonyesha mteja. Aling Puring akaruka kitini na rangi ya nywele ikamtiririka shingoni.

"Usinitaje mimi kwenye mishumaa yako!" akafoka. "Mimi nina wajukuu!"

Tulicheka, mimi na yeye. Mama hakucheka. Alikuwa amekonda usoni, na usiku nilimsikia akitembea.

Kosa kubwa nililigundua nimechelewa. Nilikuwa nawasha mishumaa siku ya pili yake, wakati nta ya soya inataka kukaa, itulie wiki mbili hivi, ndipo iwake vizuri. Nikahesabu mpaka harusi, nikaona nina nafasi ya kumimina mara moja tu. Nikayeyusha sufuria moja, nikamimina glasi nne: mbili za kanisani, mbili za kujaribia. Nikazifungia kabatini.

Ning alinikuta nimesimama mbele ya hilo kabati.

"Dada, ikishindikana tutachukua ya dukani. Nitabana pumzi."

"Misa nzima?"

"Nitaolewa haraka haraka." Akacheka, halafu cheko likamwisha. "Siogopi moshi, dada. Namwogopa mama. Ukizimika wa Delfin, mama hatamtazama tena bila kumlilia. Kila Jumapili akija kula, atamwona maiti. Nitaishi na mume ambaye mama yangu ameshamzika."

Nilimshika mkono, naye akaniambia vidole vyangu vinanuka soya.

Wiki ya harusi nikawasha ile miwili ya kujaribia, saluni, mchana, feni kubwa ikizunguka. Wateja walikaa kimya kama wako kwenye mtihani. Mama aliketi na rozari yake. Moto ulisimama wima. Ukayumba na feni, ukarudi. Nta ikayeyuka polepole mpaka ikagusa kioo pande zote, bila shimo, bila weusi. Misa ingeisha, ingeanza nyingine na kuisha, na mishumaa ile bado inawaka.

"Inawaka," mama akasema. Akanishika shavu, jambo ambalo hajalifanya tangu nimemaliza shule. Nikadhani yameisha.

Asubuhi ya harusi, wakati sisi tunahangaika na vifungo vya gauni, mama alitoweka na boksi la mishumaa. Alirudi nalo limefungwa vizuri, akasema ameipeleka kwa padri ikabarikiwe. Vizuri, nikawaza, amejituliza. Nililipokea boksi bila kulifungua, maana tayari gari lilikuwa linapiga honi.

Kanisani feni za nguzoni zilikuwa zinazunguka zote. Delfin alisimama ndani ya barong yake, lile shati jepesi la maharusi, anatoka jasho hadi masikioni. Mishumaa iliwekwa kwenye meza ndogo mbele yao, wa Ning kushoto, wa Delfin kulia. Wasimamizi wakaitwa: mama mkubwa Tasing, dada wa mama, na mjomba wake Delfin.

Mama mkubwa akawasha wa Ning. Ukashika mara moja.

Mjomba akawasha wa Delfin. Haukushika. Akawasha kiberiti cha pili. Nyuma yangu mtu akakohoa. Njiti ya tatu ikakubali, moto ukapanda, na mjomba akarudi kukaa huku anajifuta uso. Ndipo nikasikia: ch-ch-ch. Kama kitu kinachokaangwa.

Nilishasikia kelele zote za mishumaa mibovu, lakini ile hapana. Utambi mnene hautoi sauti ile, wala mwembamba, wala nta ambayo haijatulia. Ile ni sauti ya maji ndani ya mafuta. Nikainama nione. Wa Ning nao ulikuwa unatoa mlio, kidogo. Wa Delfin ulikuwa unarusha cheche, na moto wake ulikuwa umenywea umebaki wa kibluu, mdogo kuliko kucha.

Nikamgeukia mama. Alikuwa anatazama mbele, midomo inamcheza.

"Mama," nikanong'ona, "umeweka nini kwenye mishumaa?"

"Padri alinyunyiza."

"Ukaongeza nini?"

Akaifinya rozari yake. Halafu: "Maji ya baraka. Ya kwenye kichupa changu. Kidogo tu, pale kwenye utambi."

"Yote miwili?"

"Wa Delfin nilizidisha." Machozi yakaanza kumtoka. "Wanaume ndio wanaotangulia, Amparo. Nilitaka alindwe zaidi."

Nilitaka kumpigia kelele pale pale kanisani. Nilitaka pia kumkumbatia. Sikupata nafasi ya lolote kati ya hayo, maana moto ulinywea tena na watu wa mabenchi ya mbele walikuwa wameshaona. Nikasikia jina la baba likitajwa nyuma yangu. Ambrosio. Ndivyo ilivyokuwa kwa Ambrosio.

Dawa niliijua. Uzime mshumaa, mwaga nta iliyoyeyuka pamoja na maji yake, bana utambi kwa karatasi laini mpaka ukauke, kata ncha, washa upya. Kazi ya dakika. Lakini neno la kwanza la dawa hiyo ni uzime. Ningeinuka mbele ya Lipa nzima, nimzimie shemeji yangu mshumaa wake kwa mkono wangu. Na nikikaa, utajizima. Delfin mwenyewe alikuwa ameuona. Hakumtazama padri tena, alikuwa anautazama ule moto, na Ning alikuwa anamtazama yeye, pumzi zimeanza kumpanda bila moshi wowote.

Nikashika mkoba wangu, mna karatasi laini na mkasi wa saluni. Nikabaki nimeukumbatia.

Mama akainuka.

Alipita mbele yangu, akapanda vidaraja vya madhabahuni na viatu vyake vipya vinavyolia, na padri akakwama katikati ya neno. Mama mkubwa Tasing akaita kwa sauti ya chini, "Felisa! Felisa, rudi!" Hakurudi. Akashika glasi ya Ning kwa mkono mmoja na ya Delfin kwa mkono mwingine, akazivuta mpaka zikagusana katikati ya meza. Akainama. Akapuliza mara moja.

Yote miwili ikazimika pamoja.

Kanisa zima lilivuta pumzi. Mama akageuka, uso umelowa, akamwambia padri kwa sauti iliyofika mlangoni:

"Nisamehe, Padri. Mishumaa hii imewashwa vibaya, kosa ni langu. Hakuna aliyetangulia hapa. Tunaanza upya." Kisha akaniita kama vile tuko jikoni: "Amparo! Unasubiri nini? Njoo ufanye kazi yako!"

Nikaenda. Mikono ilijua la kufanya. Nilimwagia nta kwenye kisahani cha zile sarafu ambazo bwana humkabidhi bibi, maana hapakuwa na kingine, nikabana tambi, nikakata ncha, nikabana tena. Ning alikuwa anacheka na kulia chini ya shela. Delfin akanong'ona, "Dada, taratibu, huo ni uhai wangu."

"Nyamaza," nikamwambia, "utanipulizia."

Mama mkubwa na mjomba wakawasha pamoja, njiti kwa njiti. Ch, ukasema mmoja. Halafu kimya. Moto ukasimama, wa manjano, wa kawaida. Padri alingoja mpaka ukatulia, akaendelea na misa, na sauti yake nayo ilikuwa na kikwaruzo.

Mama hakurudi kukaa. Alibaki pembeni ya ile meza ameweka viganja kuzunguka glasi ya Delfin, feni zisiifikie, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Katika picha zote za harusi yumo, mwanamke mfupi mwenye gauni la bluu amempa mpiga picha mgongo.

Misa ilipoisha, mtu akataka kuizima mishumaa tuondoke. Mama akamkazia macho, akaacha. Basi tukarudi nyumbani garini na mishumaa miwili inayowaka, vioo vimefungwa kwenye joto lile, Ning na Delfin kiti cha nyuma, mimi na mama mbele, mimi nimeshika wa Ning, yeye amepakata ule wa Delfin. Nilikuwa nasikiliza kifua cha Ning. Kilikuwa shwari.

"Siku niliyoolewa mimi," mama akasema ghafla, bila kutuangalia, "nilikuwa nimekaa karibu na mishumaa. Wa baba yenu niliuona unafifia, muda mrefu tu. Ningenyoosha mkono ningeukinga. Niliona haya watu wataniona mshamba, nikatulia, nikautazama mpaka ukaisha."

Delfin akainama mbele kutoka kiti cha nyuma, na yale masikio yake, akamwekea mkono begani.

"Uzeeke," mama akamwambia bila kugeuka. "Umenisikia? Uzeeke mpaka watu wakuchoke."

"Ndiyo, Mama."

Tulikaribia nyumbani. Nikaona mikono ya mama imekuwa myekundu kwa joto la kioo, nikamwambia anipe nimpokee, maana nta ya soya inawaka taratibu, hiyo itaendelea mpaka jioni.

"Vizuri," akasema, akaivuta glasi karibu zaidi. "Sina pa kwenda."