Namba ya Watu Kumi na Mmoja

Hesabu nimeisoma vipande vipande: kujumlisha Mpanda, kugawanya Uvinza, na kabla ya kufika kwenye hesabu za sehemu nikawa nimeshahama. Kugawanya lakini nakujua, ndiyo maana Hamdani, mwenyeji wangu pale Ujiji, aliniuliza mimi.

Binti yake Yasmini alikuwa hospitali, mtoto amekaa vibaya tumboni, apasuliwe saa tatu asubuhi. Kwa haja kama hiyo wazee wa pale humsalia Mtume kwa sala iitwayo Nariya, mara elfu nne mia nne arobaini na nne. Isipungue, isizidi.

"Tuko kumi na mmoja," aliniambia tulipotoka msikitini alfajiri. "Kila mtu ngapi?"

"Mia nne na nne. Haibaki hata moja."

"Namba ina adabu hiyo."

Tukakaa mkekani nyumbani kwake, kila mtu na maharage yake ya kuhesabia. Ndipo akaingia Mikidadi, mume wa Yasmini, na tope la Kalinzi hadi magotini. Hamdani hakuwa amejibu salamu yake tangu kijana huyo ampandishe Yasmini huko mlimani, mbali na daktari.

"Shikamoo, baba."

Hamdani akanigeukia mimi. "Tukiwa kumi na wawili?"

"Mia tatu sabini, zinabaki nne."

"Umesikia," akamwambia Mikidadi. "Siyo mimi. Namba haikutaki."

"Basi nisome hizo nne, baba."

"Hizo nne ni za watu kumi na wawili. Sisi ni kumi na mmoja."

Nikamwita kijana akae kando yangu. Fungu langu lilikatika katikati bila ugomvi: mia mbili na mbili zake, mia mbili na mbili zangu. Hamdani alitafuta kosa, hakulipata.

Saa tatu kasoro dakika ishirini wote tulikuwa tumemaliza isipokuwa yeye. Kifua kilimbana, kila akikohoa katikati ya sala, anaianza upya. Maharage yake aliyapanga mafungu manne ya mia moja na moja, na la nne lilikuwa bado zima.

"Baba, nigawie," Mikidadi akasema.

Hamdani akaniangalia. "Mia moja na moja kwa wawili?"

"Haikubali. Kwa wawili, kwa watatu, hata kwa saba. Hiyo inataka mtu mmoja, au watu mia moja na mmoja."

Akatazama saa ya ukutani. Akalisukuma fungu. Mikidadi akahesabu hamsini, akamwachia hamsini. Punje moja ikabaki mkekani.

"Na hii?"

"Soma kwanza hizo," mzee akasema.

Mikidadi alimaliza mapema, akangoja. Hamdani alipofika mwisho aliichukua ile punje, akaiweka kiganjani mwa mkwewe, na mkono asiuachie. Wakasoma kwa sauti, pamoja. Katikati mzee akakohoa. Kijana akanyamaza mpaka kikohozi kikaisha, wakaanza tena mwanzo.

Dua ilikuwa fupi.

"Pikipiki yako ina mafuta?" Hamdani akauliza.

"Ya kufika hospitali yapo, baba."

"Washa."